UZI: Tumeandaa tamasha la filamu fupi la kanda bila mfadhili mkubwa. Haya ndiyo tuliyojifunza, karibuni tujadili

Taa_ya_Ukumbi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Tumemaliza awamu nyingine ya tamasha letu la filamu fupi. Viti tulivyoazima vimerudi kwa wenyewe, skrini ya kitambaa imekunjwa, na kabla uchovu haujanizidi nguvu nimeona nikae niandike. Sisi ni watu wachache. Hatuna ofisi, na kila mmoja ana kazi yake ya mchana. Tunapokea filamu zisizozidi dakika 20 kutoka kwa waongozaji wa kanda yetu wanaoanza, na wengi wao hawajawahi hata mara moja kukaa chumba kimoja na watazamaji wasiowafahamu.

Kila awamu ikiisha napata ujumbe wa watu wanaotaka kuanzisha la kwao, na karibu wote huanza na tuzo. Tutoe zawadi gani? Mgeni rasmi awe nani? Zulia jekundu je? Huwa nawajibu jambo lilelile, basi acha nijibu hapa hadharani. Fedha yenu ya kwanza na usingizi mtakaoukosa wa kwanza viende kwenye picha na sauti. Filamu ya mtoto wa watu ioneshwe sawasawa, gizani, mbele ya watu. Zawadi zije baadaye, au zisije kabisa.

Nieleze kwa nini nimeshikilia hapo. Mtu anayetengeneza filamu kwa nguvu zake huionesha kwa ndugu na marafiki, na hao wanampenda. Wanacheka pale anapotaka wacheke. Awamu moja tulionesha filamu ya dakika 11 ya kijana aliyekuwa na hakika kwamba tukio lake la mwisho litawaliza watu. Halikumliza mtu. Ila dakika ya nne, mahali ambapo mzee amekaa kwenye benchi akisubiri kuitwa jina, na kamera haisogei, ukumbi mzima ulinyamaza kwa namna ambayo niliisikia mwilini. Kijana alikuwa safu ya nyuma. Baadaye aliniambia alibakiza kidogo tu akikate kipande hicho chote wakati wa kuhariri, kwa kuwa alikiona kinachosha. Mimi nisingeweza kumfundisha hilo kwa maneno, hata ningempa mwezi mzima. Filamu yake iliyofuata ameijenga yote juu ya mtu anayesubiri.

Halafu tuache kuiona filamu fupi kama zoezi la kujiandaa kwa filamu "ya kweli". Sinema yenyewe ilizaliwa fupi. Tarehe 28 Desemba 1895, ndugu wawili wa familia ya Lumière walipowaonesha picha zao watu waliolipa kiingilio pale Grand Café, Paris, programu ilikuwa na filamu 10, na hakuna iliyofika dakika moja. Ousmane Sembène naye, kabla hajaitwa baba wa sinema ya Afrika, alianza na filamu ya takriban dakika 20 mwaka 1963.

Na matamasha ambayo leo tunayatazama kwa mbali yalianzishwa na watu wa kawaida. Oberhausen, Ujerumani, lilianza 1954 kwa juhudi za Hilmar Hoffmann, aliyekuwa akiongoza kituo cha elimu ya watu wazima katika mji wa makaa ya mawe na chuma. Mwaka 1962, waongozaji na watu wa filamu 26 walisimama katika tamasha hilohilo wakatangaza kwamba sinema ya zamani ya nchi yao imekufa, na wao wako tayari kuanza mpya. Clermont-Ferrand, Ufaransa, ni kazi ya wanafunzi wa chuo kikuu walioandaa wiki ya filamu fupi mwaka 1979. Mashindano waliyaanzisha 1982. Yaani walionesha filamu kwanza, wakajenga watazamaji, ndipo wakafikiria mshindi. Leo hilo ndilo tamasha kubwa kuliko yote ya filamu fupi duniani.

Karibuni. Anayepinga apinge, anayeuliza aulize.


Mkusanya_Fedha

Mkuu, hongera kwa kazi. Nakubaliana nawe kuhusu picha na sauti, ila hapo kwenye fedha naona umeruka. Projekta haikodishwi kwa maneno mazuri. Tamasha nililosaidia kuratibu lilitoza ada ya kuwasilisha filamu, na ada ile ilifanya kazi mbili: ililipia ukumbi, na ilipunguza utitiri wa video zisizo na kichwa wala miguu. Bila ada mtafunikwa. Na bila zawadi, mwongozaji mzuri ataipeleka filamu yake kwingine. Mnajibuje?


Taa_ya_Ukumbi

Ndugu Mkusanya_Fedha, asante kwa kuliweka wazi, maana hili ndilo lililotugawa sisi wenyewe mwanzoni.

Ada humchuja asiye na fedha. Mwenye filamu mbovu na mfuko mnene atalipa na kupita. Binti aliyepiga filamu kwa simu ya kuazima, akaihariri usiku wakati wenye kompyuta wamelala, huyo ndiye atakayesita. Na huyo ndiye tuliyemwanzishia tamasha. Tukimzuia mlangoni hatuna sababu ya kuwepo.

Kuhusu kufunikwa, tupige hesabu. Chukua filamu 150 zenye wastani wa dakika 12: ni dakika 1,800, sawa na saa 30. Ukitaka kila filamu itazamwe na watu wawili tofauti, zinakuwa saa 60. Wachujaji sita wakigawana, kila mmoja ana saa 10 kwa mwezi mzima. Inawezekana kabisa. Sharti letu kwao ni moja: filamu inatazamwa hadi mwisho. Ikiwa mtu amehangaika miezi minne kutengeneza dakika 12, mchujaji hana haki ya kuzima dakika ya pili kwa kuwa mwanga wa kwanza haukumpendeza. Tumewahi kupata filamu zilizoanza vibaya sana zikamalizika vizuri kuliko zote.

Fedha tunazipata kwa njia za polepole. Ukumbi ni wa taasisi ya elimu, tunaupata bure kwa makubaliano kwamba asubuhi tuwafundishe wanafunzi wao uandishi wa muswada na upigaji picha. Projekta tunakodi, na kiingilio cha mlangoni ndicho kinachoilipa. Kinachobaki tunawagawia waongozaji wote waliooneshwa, sawasawa. Ni kidogo, sitakudanganya. Lakini nimeona mtu akikunja bahasha ile akaiweka mfuko wa shati, akaushika mfuko. Kwa wengi ni mara ya kwanza kazi yao ya filamu kuwaletea chochote, na inawaambia kwamba ile ni kazi.


Fundi_Sauti

Naomba niingie kwenye sauti, kwa sababu mada hii huwa inaishia kwenye picha tu.

Watazamaji huvumilia picha yenye ukungu. Mazungumzo yasiyosikika hawayavumilii. Wanaanza kuulizana "kasemaje?", na hapo umewapoteza. Sasa fikirieni tamasha dogo: filamu saba mfululizo, zimechanganywa sauti na watu saba, mmoja kwa spika za maana, mwingine kwa visikizi vya simu. Moja imefuata kiwango cha utangazaji, ambacho Ulaya ni LUFS -23 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia). Inayofuata imesukumwa juu kwa ajili ya intaneti. Mkiziunga zote bila kuzigusa, watu watatega masikio kwa dakika kumi, halafu filamu inayofuata itawarusha vitini.

Dawa yake haihitaji mtambo. Siku moja kabla, cheza kila filamu ndani ya ukumbi uleule, kwa spika zilezile. Mtu mmoja akae kwenye kitufe cha sauti, mwingine atembee hadi safu ya mwisho. Andikeni kwenye karatasi namba ya sauti kwa kila filamu, na siku ya onesho mtu wa kitufe afuate karatasi. Kumbukeni pia kwamba ukumbi mtupu unadanganya: miili na nguo za watu hunyonya sauti, hasa zile nyembamba zinazobeba konsonanti. Ongezeni kidogo watu wakijaa.

Spika ziwe pembeni mwa skrini, zisiwe nyuma ya watazamaji. Mtu akiongea kwenye picha, sauti itoke upande wa mdomo wake. Na tafadhalini, nyaya. Spika za Bluetooth huchelewesha sauti, na hata kuchelewa kidogo kunatosha kuachanisha midomo na maneno. Nimeona filamu nzuri kabisa ikionekana kama imetiwa sauti na wageni kwa sababu tu mtu hakutaka kutandaza waya wa mita kumi.

Mkuu Taa, ninyi mnalifanya hili la siku moja kabla?


Taa_ya_Ukumbi

Tunalifanya, Fundi, na tulilianza baada ya kuumia. Awamu yetu ya kwanza tuliunga filamu zote kwenye faili moja usiku wa manane tukaziachia. Filamu ya tatu ilikuwa na mazungumzo upande wa kushoto tu, na spika ya kushoto ndiyo iliyokuwa imekufa. Dakika tisa za watu kufungua midomo bila kusema kitu. Mwongozaji alikuwa amekuja na mama yake. Nilimwomba radhi, akasema si neno, lakini macho yake niliyaona. Filamu ile tuliionesha upya siku ya pili, watu wakiwa nusu. Tangu hapo siku ya majaribio ni siku kamili ya tamasha kwetu, na waongozaji wote wanaalikwa kuja kukagua kazi yao wenyewe.

Kuandika namba za sauti kwenye karatasi ni wazo bora kuliko letu, sisi tulikuwa tunakariri. Nalichukua.


Mwongozaji_Mpya

Samahanini nachangia nikiwa mgeni. Mimi ni mwongozaji, nina filamu mbili. Ya kwanza ilipokelewa na tamasha fulani, nikasafiri kwenda kuiona. Nilikuwa nimeipiga kwa umbo pana, lile lenye pau nyeusi juu na chini. Wao waliivuta ijae skrini yote. Nyuso zote zikarefuka, bibi yangu aliyeigiza ndani akaonekana kama mtu mwingine. Nilimwendea fundi mitambo, akaniambia haina shida, watu hawaoni. Nilikaa hadi mwisho kwa heshima ya wengine, ila filamu yangu sikuitazama.

Kwa hiyo uzi huu umenigusa. Swali langu ni la kiufundi: nikileta filamu kwenye tamasha dogo, niilete katika hali gani ili jambo hilo lisinipate tena? Watu wanataja DCP, wengine wanasema fleshi inatosha.


Chumba_cha_Uhariri

Pole sana dada. "Watu hawaoni" ni neno ambalo fundi wa onesho hapaswi kulitamka kamwe. Hata asiyejua kitu kinaitwaje huhisi kwamba uso umekosewa.

Nikujibu. DCP ni kifurushi cha kidijitali cha kumbi rasmi za sinema. Picha imegawanywa fremu moja moja kwa JPEG 2000 (mfumo wa kubana picha), kiwango chake cha kawaida ni fremu 24 kwa sekunde, na rangi zake zimewekwa kwa mfumo tofauti na wa kompyuta yako. Ukubwa wa 2K una maumbo mawili ya kawaida: 1998 kwa 1080 kwa umbo la 1.85 (yaani upana ukigawanywa kwa kimo), na 2048 kwa 858 kwa umbo pana la 2.39. Ikiwa tamasha linakodi ukumbi wa sinema wenye mtambo wake, utahitaji DCP. Programu ya bure ya DCP-o-matic inakutengenezea nyumbani, ila hakikisha umeijaribu kwenye mtambo halisi kabla ya siku yenyewe.

Ikiwa tamasha linatumia projekta na kompyuta, faili safi ya ProRes au ya H.264 (mifumo miwili ya kuhifadhi video) yenye ubora wa juu inatosha. Tatizo lako hasa lilikuwa umbo. Faili yako iwe na pau nyeusi ndani yake, kwa vipimo vya kawaida vya 1920 kwa 1080, ili hata fundi akibonyeza "jaza skrini" kusitokee kitu. Kisha andika kwenye karatasi inayoambatana na faili: umbo la picha, idadi ya fremu kwa sekunde, urefu kwa dakika na sekunde, sauti ni ya njia mbili au 5.1 (njia sita), na neno la kwanza na la mwisho linalosikika. Hilo la mwisho humsaidia fundi kujua kwamba faili haijakatika.

Kuhusu fremu: wengi tunapiga kwa 25. Ukilazimishwa kwenda 24, filamu nzima inapungua kasi kwa asilimia 4, na sauti za watu zinazama kidogo zisiporekebishwa. Kwenye filamu yenye muziki utalisikia. Uliza mapema mtambo wao unapokea nini.

Manukuu: kama tamasha ni dogo, yachome kabisa ndani ya picha. Faili ya pembeni ya SRT, yaani manukuu yaliyo nje ya video, ni nzuri kwa kutuma nchi nyingine na kutafsiri upya, lakini kwenye kompyuta ya kuazima huwa inapotea, au inajitokeza kwa herufi za ajabu.

Na kwa waandaaji: zimeni taarifa za ujumbe kwenye kompyuta ya maonesho. Zimeni na kilinda skrini. Tamasha moja nililohudhuria, ujumbe wa mtu kuhusu deni ulitokea katikati ya mazishi kwenye filamu.


Mtazamaji

Mimi si mtu wa filamu, ni mtu wa kukaa kitini. Naomba kuwaambia waandaaji wote humu: msikate orodha ya majina ya mwisho. Mnakata mkidhani tunachoka. Sisi tunataka sekunde zile. Filamu nzito ikiisha halafu nyingine inaanza papo hapo na muziki wa harusi, ile ya kwanza inafutika kichwani.

Pia mpangilio. Kuna onesho nilienda, filamu nne mfululizo zilikuwa na kifo. Kila moja peke yake ilikuwa nzuri. Ya nne sikuwa na machozi tena ya kuipa, na haikuwa kosa lake.


Taa_ya_Ukumbi

Mtazamaji, umenipa furaha. Kupanga filamu ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo isiyoonekana.

Sisi tunaandika jina la kila filamu kwenye kadi na kuzitandaza sakafuni. Kipindi kimoja kisizidi dakika 80, filamu tano hadi saba. Tunafungua na ya dakika sita au nane, iliyo wazi, yenye mkono wenye uhakika, ili watu watulie vitini na waamini kwamba hawajapotezewa jioni. Ile inayodai subira tunaiweka ya pili au ya tatu, watu wakiwa bado na nguvu. Ya mwongozaji wa kwanza kabisa hatuiweki mwisho, kwa sababu mwisho watu huanza kutazama saa. Baina ya filamu na filamu tunaacha giza la sekunde kumi, na majina yote yanapita hadi la mwisho. Aliyeshika taa, dereva, aliyepika, wote wamo humo, na mara nyingi wamo ukumbini. Jina la mtu likipita kwenye skrini kubwa utasikia kelele upande mmoja wa ukumbi. Mimi huwa nazisubiri.

Mazungumzo na waongozaji tunayafanya mwisho wa kipindi kizima, wote mbele kwa pamoja. Tulipojaribu kusimamisha baada ya kila filamu, wa kwanza aliulizwa maswali kumi na wa mwisho hakuulizwa hata moja. Na anayeongoza mazungumzo lazima awe ameziona filamu zote mara mbili. "Ulipata wapi wazo?" si swali la kumwuliza mtu ambaye ameteseka miezi sita. Mwulize kwa nini mlango ule ulibaki wazi.


Mwalimu_wa_Muswada

Nimesoma kwa makini. Kuna neno moja kwenye kichwa cha uzi ambalo bado hatujaligusa: kanda. Nani ni mtu wa kanda? Aliyezaliwa hapo akahamia mbali miaka 20? Mgeni anayeishi hapo na kuzungumza lugha za hapo? Kikundi cha kutoka mji mkuu kilichokuja siku tatu kupiga picha za milima na kuondoka? Nimeona tamasha la "waongozaji wa kanda" ambalo nusu ya filamu zake zilitengenezwa na watu waliopita tu, wenye vifaa vizuri, na wenyeji wakabaki kuwa mandhari ya nyuma.

Hili lina historia ndefu. Tahar Cheriaa alipoanzisha siku za sinema za Carthage kule Tunisia mwaka 1966, na Ouagadougou, katika Burkina Faso ya leo, ikafuata 1969 na tamasha la filamu za Afrika ambalo leo ni FESPACO, hoja ilikuwa hiyohiyo: filamu za Waafrika na Waarabu zilikuwa hazina skrini ya kuoneshwa mbele ya watu wake, kwa kuwa usambazaji ulikuwa mikononi mwa kampuni za nje. Kwa hiyo neno hilo lina uzito. Msiliandike kwenye bango kabla hamjaliwekea kipimo.


Taa_ya_Ukumbi

Mwalimu, shikamoo, na asante. Hapa tulibishana hadi watu wawili wakatoka kwenye kamati.

Kipimo chetu cha sasa: kati ya mambo matatu, mawili yawe ya kweli. Mwongozaji amekulia au anaishi katika kanda. Filamu imepigwa katika kanda. Angalau nusu ya waliofanya kazi nyuma ya kamera ni watu wa kanda. Kikundi kinachopita siku tatu na watu wake wote kinashindwa. Aliyehamia mbali akirudi kupiga filamu nyumbani anapita. Mgeni aliyeota mizizi akifanya kazi na vijana wa hapo anapita.

Kuna mtu mmoja kilimwonea. Amekulia kwetu, anaishi mbali, alipiga filamu hukohuko kuhusu chumba cha mama yake alichokiacha, akakijenga upya kwa kumbukumbu. Kwa kipimo chetu alishindwa. Filamu ile ilikuwa ya kanda yetu kuliko nyingi tulizoonesha. Tuliionesha nje ya programu kuu, usiku wa ufunguzi. Sijui kama ni suluhisho, lakini sikuweza kuiacha.


Mkusanya_Fedha

Nimerudi. Hoja ya ada nimeielewa, na hesabu ya saa 60 imenishinda. Sasa niulize la mwisho linalonisumbua: walioachwa. Mkipokea 150 na kuonesha 28, kuna watu 122 mnawavunja moyo. Tamasha linalosema linawalea chipukizi linafanya nini na hao?


Taa_ya_Ukumbi

Ndugu yangu, hapa ndipo kazi ngumu ilipo.

Kila aliyeachwa anapata barua yenye jina lake, jina la filamu yake, na sentensi mbili kutoka kwa walioitazama. Ya kwanza inataja kitu mahsusi kilichobaki nao: tukio, sura, sauti. Ya pili inasema ni wapi walipopotea. Hatusemi "jitahidi zaidi". Hatumwambii angefanya nini, maana filamu ni yake. Tunamwambia tu: dakika ya tano tulidhani yule mwanamke ni dada yake, na tuligundua dakika ya tisa kwamba ni mke. Mwongozaji akisoma hivyo anajua mwenyewe pa kwenda.

Barua 122 kwa dakika kumi kila moja ni zaidi ya saa 20. Kuna awamu tulichoka tukatuma barua moja ya jumla kwa wote, ile ya "tumepokea filamu nyingi nzuri". Awamu iliyofuata, karibu hakuna aliyeachwa aliyerudi. Tuliporejea kwenye barua za sentensi mbili, wakaanza kurudi. Mmoja wao ameachwa mara mbili, mara ya tatu alifungua kipindi cha kwanza.

Na tunawaalika wote, walioachwa pia, kwenye asubuhi za mafunzo. Mshika kamera wa filamu moja amekutana na mwandishi wa filamu nyingine iliyoachwa, kwenye foleni ya chai. Sasa wanafanya kazi pamoja.


Chumba_cha_Uhariri

Naongeza jambo moja ambalo limewanyima nafasi watu wengi: muziki. Wimbo uliorekodiwa una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi ile. Kupata ruhusa ya mtunzi peke yake hakutoshi ikiwa rekodi ni ya kampuni. Na wale wanaochukua muziki wa leseni huru za Creative Commons, someni herufi zote. Leseni yenye sharti la ND hairuhusu kazi kubadilishwa, na kuunga muziki na picha kwa mujibu wa leseni hizo kunahesabiwa kuwa kubadilisha. Kwa hiyo ND haifai kwa filamu, hata kama umemtaja msanii kwa herufi kubwa.


Mwongozaji_Mpya

Asanteni wote, nimeandika kurasa nne. Basi niseme kilichonileta. Filamu yangu ya pili ni ya dakika 14, fremu 25, umbo pana. Muziki ameupiga na kuurekodi binamu yangu chumbani kwake, hatujaandikiana kitu. Haijaoneshwa popote. Mara baada ya ile ya kwanza niliiweka kwenye diski nikaifungia kabatini. Je, mnapokea lini?


Taa_ya_Ukumbi

Dada, mlango utakuwa wazi mwezi ujao, na hakuna ada. Kaa na binamu yako, muandikiane ukurasa mmoja: yeye ndiye mtunzi na mwenye rekodi, anakuruhusu kuutumia muziki huu katika filamu hii, kwenye maonesho na intaneti, kwa muda gani, na jina lake litaandikwa vipi. Wekeni sahihi na tarehe, kila mmoja abaki na nakala.

Faili itengeneze kama Chumba_cha_Uhariri alivyoeleza, pau zikiwa ndani, ibaki kwenye fremu 25. Mtambo wetu unazipokea hivyo.

Siwezi kukuahidi kwamba itachaguliwa, hilo ni la wachujaji na mimi simo kati yao. Barua yenye sentensi mbili utaipata kwa vyovyote. Ikichaguliwa, uje siku ya majaribio, saa nne asubuhi. Tutaicheza yote ukiwa umekaa safu ya mwisho, Fundi_Sauti akikubali tutamweka kwenye kitufe, na uso wa bibi yeyote aliyemo humo hatutaugusa.


Fundi_Sauti

Nimekubali. Nakuja na waya wangu.